Dohani Isiyotoa Moshi

Saa kumi alasiri, Badriya alikuwa barazani kwake Mtaa wa Msimbazi akidarizi kofia nyeupe za kuuza Kariakoo. Gari moshi la Morogoro likapiga honi stesheni. Mumewe Suud, fundi wa reli aliyetoka zamu ya asubuhi, akaweka chini kikombe cha kahawa, akafumbua mdomo, moshi ukaanza kumtoka.

"Geukia ukutani, baba Azza," alisema Badriya. "Kofia tatu zimeshaharibika."

Suud akageuka.

Ilianza mapema mwaka huo wa 1956, Suud alipochonga mdomo mpya wa mvuke chini ya dohani, bomba la moshi la injini ya Morogoro, wenye matundu manne badala ya moja, ili moshi uvutwe kwa nguvu na injini inywe mafuta kidogo. Ripoti ilitoka na jina la mhandisi wa karakana, si la Suud. Jina likaenda kwa mhandisi, moshi ukaja kwa Suud. Injini haikutoa tena hata chembe ya masizi, na wake wa wakubwa wakawa wanaagana stesheni wamevaa magauni meupe.

Kila asubuhi Badriya alimwaga bakuli la makohozi meusi, mazito kama lami. Hayo aliyazoea. Kilichomtia kinyaa ni picha ya mhandisi gazetini, akitabasamu na leso safi mkononi. Daktari alisema mapafu ya Suud hayatafika mvua za vuli.

Alhamisi akampeleka mumewe karakana, kando ya stesheni, kuomba mdomo wa zamani urudishwe. Saa kumi injini iliponguruma, karani Ghanshyam alishika leso juu ya dohani kwa ufito. Ikabaki nyeupe. Akashika nyingine mbele ya mdomo wa Suud. Ikawa nyeusi, inateleza. Akaandika: "Dohani safi."

"Na mume wangu?"

"Mama, mimi napima dohani."

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!"

"Injini sita zaidi zitafungwa huu mdomo," alisema karani. "Mafundi sita wameshaitwa."

Leso nyeupe akaitia kwenye faili. Ile nyeusi akampa Badriya.

"Ni ya mhandisi. Uifue, uirudishe Jumamosi."

Badriya alitamani kumtapikia viatuni. Akaichukua kwa ncha za vidole.

Aliifua mara tatu, kwa sabuni yake mwenyewe. Ijumaa saa kumi alasiri ilikuwa kambani, nyeupe pe, na Suud amegeukia ukutani.