Waya Uliochelewesha Sauti

Mimi sina subira na mtu anayetaka vya bei chee. Duka langu lipo Nipponbashi, Osaka. Nauza nyaya za kuunganisha mashine kuukuu za michezo na televisheni za siku hizi, na katika hilo hanidanganyi mtu. Waya mbovu huchelewesha kila kitu: unabonyeza sasa, mchezaji wako anaruka baadaye, ameshakufa. Ninao mmoja wa hivyo ukutani, wa kuwaonyesha watu takataka ilivyo.

Bi Hisano aliingia mchana, mvua ikinyesha, amefunga mashine kwenye kitambaa. Ilikuwa ya mwanawe, Eiji: ile nyekundu na nyeupe, yenye kipaza sauti kidogo kwenye rimoti ya mchezaji wa pili. Ukisema hapo, televisheni inasema.

"Alifariki akiwa darasa la tano," akaniambia. "Enzi hizo nilikuwa nikitoka kazini nasema mlangoni, 'Nimerudi!' Yeye hata hainuki! Ananijibu kwa hiki, televisheni inasema, 'Karibu nyumbani!' Mvivu yule, wee!"

Akacheka.

"Televisheni ya zamani imekufa, binti. Nataka nimsikie tena, hata mara moja."

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba kipaza sauti hakihifadhi kitu. Nikashindwa. Nikamchomekea waya wangu bora kuliko zote. Akasema, "Nimerudi." Papo hapo televisheni ikasema, "Nimerudi."

"Huyu ni mimi," akasema, uso umemnywea. "Na ule wa ukutani?"

"Mama, ule uchafu! Sikuuzii, utanitukana kesho."

"Weka bwana, acha maneno."

Nikaweka, nimenuna. Akasema, "Nimerudi." Kimya. Kisha, kama kutoka chumba cha pili, "Nimerudi." Ilikuwa sauti yake, imechelewa tu, lakini machozi yakamtoka.

"Umesikia hapo katikati?" akaninong'oneza. "Kuna mtu anavuta pumzi."

"Hakuna mtu, mama. Ni waya mbovu tu." Nilisema kwa ukali kwa sababu na mimi nilikuwa nimesikia.

Akasema tena, "Nimerudi," halafu akaiweka rimoti mezani, mbali naye. Tukangoja. Kimya kile kilizidi cha waya wowote ninaoujua. Nikanyoosha mkono niuchomoe.

"Karibu nyumbani," televisheni ikasema. Sauti ya mtoto wa kiume, mdomo umejaa chakula. "Mbona leo umechelewa hivi?"

Nikaurudisha mkono haraka. Bi Hisano hakushtuka hata kidogo. Alivua viatu vyake vilivyolowa, akavipanga vizuri pembeni, akapiga magoti mbele ya kioo cha televisheni.

"Nisamehe, baba," akasema. "Mama alikuwa anatafuta waya."