Sanduku la Mninga

Supu ilikuwa imeshapoa, mafuta yameganda juu yake utando, na Marijani hajagusa kijiko. Koo lilimkauka. Kutoka Keko mpaka Oyster Bay alikuja kwa miguu, jua la Ramadhani utosini, viatu vya kuazima vinamla visigino.

Mwezi mzima wa Shaabani, nyumbani kwao walikula kwa uma. Baba yake, fundi Shomari, aliuchonga wa mbao pamoja na kisu chake, maana zilivuma habari kwamba Wazungu huwatazama vijana mezani kabla ya kuwapa nafasi ya kusoma Uingereza kwa gharama ya serikali. Bibi Chausiku, mama yake Shomari, alicheka mpaka akapaliwa, wali ulivyokuwa ukimponyoka mwanawe. Wakajifunza yote. Lililowapita ni hili tu: mwaliko wenyewe ulikuwa wa mchana, na mchana wa mfungo.

"Hupendi chakula chetu?" Bwana Mkaguzi wa shule, Mzungu aliyemwalika, aliuliza, Kiswahili chake kimenyooka kama rula.

"Nimefunga, bwana. Jua likitua nitakula chochote mtakachonipa."

"Uingereza wakati wa kiangazi jua linatua karibu saa nne ya usiku. Utangoja?"

"Nitangoja."

Revelian, mtoto wa chifu wa bara aliyesoma naye Makerere, alimgusa goti chini ya meza. "Meza kijiko kimoja, ndugu yangu," alinong'ona. "Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Ila mie sitaelewa."

Bwana Mkaguzi akaweka kisu chini. "Kijana, kusoma si vitabu peke yake. Asiyeweza kula nasi atawezaje kukaa nasi?"

"Juzi mliniuliza maswali, bwana, nikayajibu yote. Leo mnaliuliza tumbo. Nalo limeshajibu."

Mpishi aliyekuja kuondoa sahani, naye kafunga vilevile, alikaza midomo asicheke.

Nafasi akapewa Revelian. Hilo kina Marijani walilipokea kama watu waliozoea kunyeshewa. Lakini haikupita wiki, jioni moja tarishi wa Bwana Mkaguzi akabisha hodi Keko, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Bibi Chausiku, kisha akamgeukia Shomari. "Fundi, aliyechaguliwa hana sanduku la safari. Bwana amesikia unalo jipya. Kesho asubuhi gari linakuja kulichukua."

Sanduku lilikuwa pale pale ukumbini, la mninga, pembe zake za shaba. Shomari alilimaliza siku mwanawe alipofaulu mtihani, na jina la Marijani akalichonga kwenye kifuniko, herufi nene, zisomwe hata na makuli wa bandari ya huko Uingereza.

"Na jina?" Shomari aliuliza.

Tarishi alitazama chini. "Anasema ulipige randa, lifutike."

Shomari alikwenda kwenye meza yake ya kazi, akaichukua randa, akaipangusa vumbi la mbao. Akafunua sanduku, akailaza ndani, akafunga kufuli. Ufunguo akamtupia Marijani.

Adhana ya magharibi ikalia. Bibi Chausiku akapanga futari juu ya kifuniko: mihogo ya nazi, kunde, uji wa pilipili manga.

"Karibu ufuturu, mwanangu," alimwambia tarishi. "Ujumbe haushibishi."

Tarishi alisitasita, kisha akanawa, akaketi. Wakala kwa mikono. Walipokwisha kutuliza njaa, bibi akajifuta vidole.

"Kitendawili."

"Tega," walijibu.

"Sanduku linasafiri, mwenyewe anabaki."

Shomari alitafuna polepole. Tarishi aliinamia uji wake kama aliyedondosha kitu ndani.

"Na wewe, mume wangu, umeshindwa?" Bibi alimtazama mjukuu wake. "Basi nipe mji, nikutegulie."

Marijani akasogeza bakuli, akaweka kiganja juu ya jina lake. Ufunguo ulikuwa ndani ya ngumi ya mkono wa pili.

"Chukua Bagamoyo, bibi. Chukua Unguja. Ukitaka, chukua hata Dar es Salaam hii na gari lao la kesho. London siitoi."