Alama Nyekundu ya Uchochoro Wetu

Polisi walipoanza kusimama kila jioni Soko la Masonara, watu wa mji wetu, Sialkot, walisema wezi sasa wamehamia uchochoro wetu. Si kweli. Wezi walikuwa kwetu siku zote, ila kwetu mtu akiporwa hasemi.

Dada Kausar, jirani yetu, alichanwa sikio na kijana wa pikipiki aliyemkwapua herini. Kesho yake alikuja karakanani, tunakoshona mipira ya miguu, sikio limefungwa kitambaa.

"Kamba ya kuanikia nguo," akasema.

"Kamba yenu ina meno?"

"Shona mpira wako, Musarrat."

Nilimwelewa. Msichana aliyeguswa na mwanamume wa njiani huulizwa aliguswa wapi, na jina lake likifika kituoni, posa haziji tena. Kwa hiyo kwetu simu zote "ziliangukia mtaroni". Mtaro wetu ungefungua duka la simu. Yangu pia ilikuwa humo.

Kaka yangu Tanvir, ndiye mwenye nyumba tangu baba afariki, alishaniambia: "Siku ukirudi na jambo, hiyo kazi basi." Nami niliipenda karakana ile. Vidole vinauma, nta ya nyuzi inanuka, lakini tunakaa bega kwa bega na kusengenya mpaka jua linazama. Nyumbani nilikuwa na nini? Dirisha.

Nikamwendea koplo pale sokoni.

"Afande, mbona kwetu hamfiki?"

Akanionyesha ramani kwenye simu yake. Soko limejaa alama nyekundu, kila ripoti na yake. Uchochoro wetu mweupe kama sahani iliyooshwa.

"Kwenu wanaishi mawalii, dada," akacheka. "Sisi tunapelekwa penye alama. Tangu tusimame hapa, masonara wanalala usingizi. Leteni ripoti, tutakuja."

Nikawaambia wenzangu twende wote kituoni, kundi zima, asiwepo wa kunyooshewa kidole. Wakakubali, hata Kausar. Alhamisi baada ya kazi nikawasubiri mlangoni. Huyu amepata mgeni, yule mama mkwe anaumwa. Kausar alinisindikiza hadi kibanda cha chai, akajifunga mtandio vizuri.

"Mdogo wangu, mimi nina binti wa kuozwa."

Akarudi.

Nikaenda peke yangu. Nikaeleza yaliyonipata mimi: simu kuporwa, mtandio kuvutwa hadi nikaanguka.

Koplo alitimiza ahadi. Ila kwanza alikuja kuhakikisha. Alisimama mlangoni kwetu na sare zake, mchana kweupe, akapaza sauti uchochoro mzima ukasikia: "Musarrat anakaa hapa? Yule aliyeporwa?"

Tanvir alimjibu kwa adabu, akampa na chai. Alipoondoka akaniambia, "Umesikia jina lako lilivyoitwa?" Hakunipiga. Heri angenipiga, hasira ikamwisha.

Koplo akapita nyumba kwa nyumba kuuliza. Wote wakasema hawajaibiwa hata sindano. Lakini alishaona kwamba uchochoro wetu ni giza na una njia mbili za kukimbilia, na alama moja alikuwa nayo. Pikipiki ya polisi ikaanza kusimama kwenye kona yetu kila jioni.

Na inafaa, sitasema uongo. Tangu ije, hakuna simu iliyoangukia mtaroni. Wanawake wanarudi kigiza kikiingia, wanacheka kwa sauti, mitandio imelegea. Kausar amevaa herini tena, hata kwenye sikio lile lililoshonwa.

Mimi nawaona kutoka dirishani. Kiti changu karakanani amepewa binti yake Kausar.

Juzi Kausar akasimama chini ya dirisha, binti yake pembeni.

"Mtaa umetulia, mdogo wangu! Mwambie kaka yako akuruhusu. Hapa sasa hata kuku haibwi."

Tanvir alikuwa nyuma yangu na kikombe chake.

"Hata zamani hawakuwa wakiibwa," akasema kwa sauti ya kufika chini. "Si nyote mlimwambia koplo hivyo? Aliyeibiwa uchochoro huu ni mmoja tu. Au vipi, Dada Kausar?"

Kausar alinitazama. Nilimsubiri aseme neno, hata nusu yake. Mkono wake ulipanda ukagusa sikio, ukashuka.

"Twende," akamwambia binti yake, "chakula kinapoa."