Mihuri Kumi na Tisa

Tangu milango ya ukuta wa bahari ifungwe, maji hayajarudi kwenye matope yetu. Mvua iliponyesha, kome walidhani ni bahari. Wakapanda juu, wakafunua vinywa, wakafa hivyo hivyo. Yeon-hui, msanii, binti wa hapa kijijini aliyehamia Seoul, alikuwa ametandaza kitambaa cheupe juu ya matope yale, na kila kome akaacha alama yake. Ni kazi nzuri, nakiri, lakini nikiitazama nageuza uso.

Leo ametuita ghalani wanawake wote kumi na tisa tuliokuwa tukichimba kome.

"Shangazi zangu, kila mmoja agonge muhuri wake hapa kitambaani, kando ya alama za kome. Pembeni nitatundika nakala ya karatasi ya kuukubali ukuta; nimeipata leo, hata sijaikunjua. Watu wa mjini waone ni nani walikubali."

"Wataona wanaume tu," Mama Dal-su akasema. "Sisi nani alituuliza? Labda kome ndio waliulizwa."

Wakacheka. Mimi sikuweza.

Kwetu muhuri ndio sahihi ya mtu. Na kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wao, mihuri yote hukaa kwangu katika kopo la biskuti, mtu asiache kazi kwa ajili ya karatasi za ofisini. Miaka sita iliyopita mtu wa kampuni iliyojenga ukuta alileta karatasi, akasema ni ya kupima kina cha maji. Maji yalikuwa yanakupwa, nami nilikuwa na haraka ya kushuka matopeni. Niligonga yote kumi na tisa bila kusoma. Nilipokuja kujua kuwa ilikuwa ya kuukubali ukuta, niliogopa, sikumwambia mtu.

"Mama Gi-hun, lete hilo kopo," Mama Dal-su akaniambia.

Nilizidi kulikumbatia mapajani. Mihuri ikagongana ndani.

"Una nini wewe? Umeficha mume humo?"

Yeon-hui akaitandaza nakala mezani. Mama Dal-su hajui kusoma vizuri, lakini muhuri wake anaujua, una ufa ukingoni. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Huu si wangu?"

Wengine wakasogea kutafuta yao.

"Niligonga mimi," nikasema. "Wako na ya wote. Sikusoma."

Mama Dal-su hakunitukana, na laiti angenitukana. Alilichukua kopo mapajani mwangu, akaanza kumrudishia kila mwanamke muhuri wake, akiita jina kwa jina. Wangu aliuacha ndani.