Mkate wa Tanuri Baridi

Umewahi kula mkate wa kwanza kutoka tanuri lililolala baridi mwezi mzima? Chini umeungua, juu mbichi, na kuni umechoma mzigo mzima ambao mwokaji wa pili, akikuta tanuri lina moto, hatauhitaji. Ndiyo maana kule milima ya Savoie, Ufaransa, vijiji viliwaachia watu fulani kazi ya kuibeba baridi hiyo kwa niaba ya wengine. Wakaitwa Fournier, watu wa tanuri. Jina likawafuata hata waliohama wakawa mapadri na madaktari.

Honorine Fournier hakuhama. Tangu mama yake afariki, yeye ndiye aliyewasha tanuri la kijiji. Kaka yake, Anselme, alikuwa diwani mwenye mikono laini kama siagi. Tanuri lilipokarabatiwa, alimwahidi dada yake kwamba siku ya uzinduzi ndiye atakayetajwa. Honorine akainyoosha blauzi yake ya buluu, akaitundika mlangoni.

Ijumaa kabla ya uzinduzi akawasha moto mdogo mdogo, mawe yasije yakapasuka. Mkate wake mbaya akaula peke yake, kwa supu ya viazi na jibini.

Jumapili ya uzinduzi akakuta wapiga picha wamemzunguka bingwa wa baiskeli, Fournier wa Lyon, ambaye hata babu yake hakuzaliwa pale. Anselme akamkabidhi bingwa kijinga cha moto, akautangazia umati kwamba ukoo wa tanuri umerudi nyumbani. Bingwa akakichomeka ndani ya tanuri lililokwisha kuwaka siku mbili. Watu wakapiga makofi.

Philomène, jirani wa Honorine, akamnong'oneza shoga yake, "Shoga, moto wako umepata baba mwingine."

Honorine hakucheka. Alingoja hadi mikate ikaiva, bingwa akamega, akaisifu. Hapo Anselme akamjia, akamwomba asinune, kwani bingwa huleta wageni.

"Wewe tunakujua, dada."

"Mnanijua? Mama naye mlimjua. Alikufa mikono imebabuka, na wewe ulikaa kitandani pake ukamwambia kwamba mimi sitasahauliwa."

Anselme akatazama viatu vyake. Akauliza polepole, basi anataka nini, apigwe picha pamoja na bingwa?

"Picha mpelekee mkeo," alisema Honorine. "Nilitaka mdomo wako tu, Anselme. Usimame mbele ya watu hawa useme, moto huu ni wa dada yangu."