Matanuri Ndani ya Damu ya Kaewta

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje, kila chungu nilichowahi kuchoma hapa mjini Lampang kipasuke leo hii, pamoja na bakuli unalonywea supu.

Mimi nilikuwa mchoma vyungu hadi nilipostaafu. Tanuri langu lilikuwa kali: siku moja jogoo wa jirani alikatiza mlangoni pake, akatokea upande wa pili ameiva, anaulizia pilipili. Kwa hiyo moto naujua. Nilidhani naujua wote.

Mjukuu wangu Kaewta ana thalasemia, damu inayochakaa upesi, kama watoto wengi wa huku kwetu. Kila mwezi huongezewa damu hospitalini. Hapo yupo mtafiti, Daktari Wilaiphan, anayetafuta kwa nini damu hiyo inajila yenyewe. Alitaka damu ya ndugu ailinganishe na ya mtoto. Mama yake Kaewta hayupo tena duniani. Upande ule nimebaki mimi peke yangu.

"Ningetoa sasa hivi, Daktari," nikamwambia, nikimwonyesha uzi mweupe mkononi, ambao kwetu hufungwa ili roho nyingi za mtu zisimtoke mwilini. "Lakini juzi tu nimefungwa uzi, roho zangu zisitangetange. Ukinichoma kabla haujakaa siku zake, zitatoroka zote."

Daktari naye ni mtoto wa Lampang. Akainamisha kichwa kwa heshima, akaniambia nirudi. Nikarudi na uzi mpya. Safari iliyofuata nilikuwa nao mikono yote miwili.

"Babu, roho zako zinazurura kuliko mbwa wa sokoni," Kaewta akasema.

"Nyamaza wewe! Ujanani nilitoa damu mpaka kikosi kizima cha jeshi kikawa kinatembea na damu yangu. Ndiyo maana wanajeshi wale walipenda kulala mchana."

Daktari akacheka. "Basi njoo utazame tu, Mzee Inpan. Kutazama hakuchomi."

Nikaweka jicho kwenye hadubini. Giza, na ndani yake vivuli vya visahani vimetulia.

"Hiyo ni damu ya mtu mwenye afya," akasema. "Kila chembe nyekundu huanza na matanuri madogo ndani yake, ndiyo mitokondria. Ikikomaa huyatupa yote, ndipo iende kubeba hewa."

"Inatupa moto wake mwenyewe?"

"Wote. Ikibaki nao, itaitumia hewa iliyotumwa kuwapelekea wenzake, na yenyewe iungue."

Kitu kidogo kuliko vumbi la udongo, kinazima moto wake ili wengine wapate kuwaka!

Akabadilisha kioo. "Hii ni ya Kaewta."

Giza lilelile. Kisha kwenye kisahani kimoja, na kingine, na kingine, nikaona vitone vya kijani vinang'aa, kama matanuri ya wilaya nzima ukiyatazama kutoka mlimani.

"Rangi niliyotia hung'aa palipo na mitokondria," Daktari akasema taratibu. "Chembe zimekomaa, matanuri hayajatupwa. Nataka kujua nini kimeziba mlango."

Mtoto huyu mwembamba, aliyekuwa ananisukuma begani naye aone, alikuwa na moto mwingi kuliko wote niliowasha maishani.

"Huyo ni mimi?" akanong'ona.

"Ni wewe."

"Mbona nimependeza hivi!"

Akanidaka mkono kwa furaha. Mara akauleta uzi puani. "Daktari, uzi huu unanuka miang."

Miang ni majani ya chai ninayotafuna kutwa.

"Ajabu iko wapi?" nikauliza.

"Uzi mtu hufungwa na mwenzake, Babu. Fundo hili limekazwa kwa meno. Tena ni uzi wa gunia letu la mchele!"

Daktari akanitazama. "Mzee wangu, unaogopa sindano?"

"Mimi?"

Nikageuka nikatazama tena kwenye hadubini. Vitone vilikuwa bado vinawaka.

Nikakata nyuzi, nikanyoosha mkono. Kaewta akaomba uzi safi kwa muuguzi, akanifunga mkono wa pili, akiziita roho zangu kwa maneno aliyowasikia wakubwa wakisema, huku sindano ikiingia. Nilitoa ndoo mbili na nusu.

"Kijiko, Babu."

"Kijiko kikubwa," nikasema, na dari ikaanza kuzunguka.