Aliyeachwa Kulinda Gari

Nyamai alipokea kofi kabla ya salamu. Sydney alishuka garini, akamzaba fundi mbele ya karakana nzima, kisha ndipo akaeleza shida yake. Kuna watu wa namna hiyo, mkono wao hutangulia na maneno hufuata nyuma.

"Gari imekwama kwa gia moja. Inatambaa tu! Na ni wewe uliishika mwisho."

Otiende, fundi wa pembeni, aliinamia injini aliyokuwa akiitengeneza akajifanya hakusikia. Simlaumu sana. Huku Tassia kila mtu alimjua Sydney. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wapangaji kwenye nyumba kwa niaba ya wenye ploti. Hupanda ngazi na vijana wake, hung'oa mlango, hurusha godoro na jiko kutoka ghorofa ya nne, na mama akililia sufuria zake, naye husukumwa ngazini azifuate. Nyamai alikuwa bingwa wa giaboksi. Ngumi hakuzijua. Akameza damu, akasema, "Sawa mkubwa, niachie niiangalie."

"Nikirudi nataka ikiwa sawa. Bibi yangu atakaa hapa akuangalie usiniibie kifaa. Na wewe umwangalie yeye. Nikirudi nikose mmoja, mwenye nitapata atalipia wawili. Tumeelewana?"

Akaenda zake. Mgeni angeshangaa, lakini ndiyo desturi ya karakana zetu. Hakuna anayemwachia fundi gari peke yake, maana inaaminika kwamba ukigeuka tu, betri yako imeuzwa na umewekewa ya marehemu. Basi mwenye gari huacha mtu. Ataacha mpwa, ataacha shemeji, hata shangazi mwenye baridi yabisi, mradi kuna macho mawili ya kumkodolea fundi.

Aliyeachwa leo alikuwa na jicho moja tu lililofunguka. Aliitwa Ndinda. La kushoto lilikuwa limevimba hadi likafumba, na juu ya nyusi alikuwa amebandika plasta. Aliketi kwenye kreti ya soda. Winny, muuza chai wa pale, akampa kikombe bila kumuuliza kitu, na Ndinda akakishika kwa mikono miwili asikinywe.

Nyamai akachomeka mashine ya kusoma makosa. Ikamwambia kwamba sensa ya presha ya oili ya gia haitoi habari yoyote. Fundi mvivu angeishia hapo, aagize sensa mpya, apate cha juu. Nyamai alikuwa na msemo wake kuhusu zile mashine: husema panapouma, hazisemi nani aliyepiga. Akachomoa kijiti, akapima oili. Ilikuwa imejaa, nyekundu, haina harufu ya kuungua. Akafunga geji kwenye giaboksi, akawasha injini, na mshale ukapanda vizuri. Kumbe presha ilikuwapo! Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Gari lilijifungia kwenye gia moja kwa woga tu, kwa kuwa sensa ilikuwa kimya.

Akatandika katoni, akalala chini ya gari, akaufuata waya wa sensa kwa vidole. Mahali fulani, ndani ya utepe mweusi, waya ulikuwa na uvimbe. Akaubandua utepe. Waya ulikuwa umekatwa kwa wembe, mkato safi, kisha ukafichwa kwa plasta. Plasta ya kidonda, ya rangi ya ngozi, yenye vitundu vidogo vidogo.

Nyamai akajivuta nje, akatazama nyusi za Ndinda. Ndinda alikuwa akimtazama tayari.

"Umeipata," alisema.

"Mama, nani alikufundisha?"

"Nyinyi. Kila hii gari ikiharibika mimi ndiye huachwa. Nimekaa na mafundi wa Tassia, wa Eastleigh, wa Mukuru. Hakuna anayeficha kazi yake mbele ya mwanamke, mnadhani tunaangalia tu. Siku moja mmoja alichomoa hiyo waya, gari ikakataa kukimbia. Nikaiweka kwa kichwa."

Akaweka kikombe chini.

"Mara ya kwanza nilitoroka na basi. Alinifuata na hii gari, akapita basi, akalifungia njia kule Kyumvi. Akanitoa kwa nywele. Basi lilikuwa limejaa, fundi. Watu walikaa wakasema ni mambo ya mke na mume. Leo nilitaka kutoka yeye akilala, gari ikiwa haina mbio. Akaamka." Alifuta jicho zima kwa kiganja. "Ukiunganisha hiyo waya niko kaburini. Usipounganisha, atampelekea fundi mwingine, na jioni itakuwa sawa."

Nyamai aliogopa, tena aliogopa sana. Alikuwa na mke, alikuwa na meno, na vyote alivipenda. Waya ule angeuunga kabla chai ya Winny haijapoa, alipwe, asahau. Alirudi chini ya gari kwa nia hiyo hiyo. Alichukua koleo. Alizishika ncha mbili za waya, zikakaribia kugusana, akaiona tena ile plasta, jinsi mtu mwenye uso uliopasuliwa alivyogawa dawa yake na gari. Hasira ikampanda. Akakikata kile kipande chenye plasta, akakitia mfukoni. Kisha akavuta karai.

Alifungua boliti, oili yote ikamwagika mle. Akashusha bakuli la chini. Akaling'oa dude lile lenye vijia vya oili, ambalo mafundi huliita moyo wa giaboksi, akalipasua katikati, akapanga springi zake na vigololi vyake juu ya gunia kwa utaratibu alioujua yeye mwenyewe.

"Sasa hili gari haliendi Kyumvi wala haliendi chooni," alisema. "Nenda."

"Atakuua."

"Nenda, dada. Na usiniambie unakokwenda. Nisichokijua hakiwezi kunitoka."

Ndinda alisimama. Winny, ambaye masikio yake hayakuwa na likizo, alivua leso yake, akamfunika kichwa na lile jicho, akamsindikiza hadi kwa mwendesha boda aliyemwamini. Wakapotea nyuma ya maghorofa.

Nyamai alipata nafasi ya kukimbia asikimbie. Akikimbia, Sydney angeanza kumtafuta Ndinda papo hapo. Akibaki, angalau angempotezea wakati. Huo ndio ulikuwa ushujaa wake wote.

Sydney aliporudi aliona kreti tupu. Hakupiga kelele. Aliinama, akaokota spana ya magurudumu.

"Ako wapi?"

"Alisema anaenda chooni, mkubwa."

Spana ikamshukia begani. Nyamai akaanguka kando ya karai.

"Gari ilikuwa na nini?"

"Waya. Panya wamekula waya."

"Nionyeshe hiyo waya." Ni swali la kila mwenye gari, kifaa cha zamani kiko wapi, na kila fundi hukitunza ili asiitwe mwizi. Nyamai alijibu kwamba amekitupa. Uso wake haukuzoea uongo. Sydney akampiga teke la mbavu, akamkalia kifuani, akampekua, akatoa kile kipande. Alikigeuzageuza. Nyamai aliona Sydney anavyoitambua plasta, kwa kuwa yeye ndiye aliyesababisha inunuliwe.

Kutoka hapo hakukuwa na maswali mengi. Lilikuwa moja tu, na lilikuja na kila pigo. Ako wapi. Alimpiga mgongo, alimpiga mapaja. Pua ikavunjika kwa sauti ambayo Winny aliisikia akiwa amerudi kwenye jiko lake, akaanza kupiga mayowe. "Sijui," Nyamai alisema. "Sijui, haki ya Mungu." Huo ulikuwa ukweli, na ukweli haukumsaidia hata kidogo. Mwishowe Sydney akaukanyaga mkono wake wa kulia, ukabana kwenye kokoto, akaishusha spana juu yake kwa nguvu zake zote, mara moja, na tena. Nyamai alilia kama mtoto.

"Inuka," Sydney alisema, akihema. "Rudisha hivyo vyuma kwa gari yangu, tunaenda kumtafuta."

Nyamai aliuinua ule mkono. Vidole vilikuwa vimeelekea kila upande.

"Fundi wako ndiye huyu umemvunja," alisema.

Sydney aliutazama mkono, akatazama gunia, zile springi na vigololi, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana hajui la kufanya. Akamgeukia Otiende.

"Wewe! Kuja urudishe hii kitu."

Otiende alikuja polepole akijifuta mikono kwa kitambaa. Alisimama juu ya gunia, akaangalia mpangilio ule kwa heshima ya mtu anayejua kazi. Halafu akalipiga teke. Vigololi vikaruka, vikaingia kwenye matope, kwenye mtaro, chini ya lori.

"Pole, mkubwa," alisema. "Mguu umeteleza."

Sydney akainua spana. Lakini mafundi wengine walikuwa wameshatoka chini ya magari yao, kila mmoja na chuma chake mkononi, na mayowe ya Winny yalikuwa yameleta watu hadi barabarani. Wale walioona aibu asubuhi Nyamai alipozabwa kofi walikuwa na hasira mara mbili. Walimzunguka. Jiwe la kwanza lilimpata kisogoni, akakimbia, akaliacha gari na spana, na kundi likamfuata likimrarua shati hadi kwenye ukuta wa maghorofa.

Nyamai hakwenda kutazama. Alibaki ameegemea tairi, mkono mapajani, damu ikimchirizika hadi shingoni. Winny akapiga magoti mbele yake, akataka kumwambia jambo.

"Fundi, mtu wa boda amepiga simu, yule dada amefika..."

"Nyamaza!" Nyamai alimkatiza. "Usiniambie."

Akafumba macho. Popote Ndinda alipokuwa, mahali hapo hapakuwa kichwani mwake, na hilo lilimpa furaha ambayo hata maumivu ya mkono hayakuweza kuigusa.